Kitanda cha Kutengenezea Baiskeli

Mume wangu alikuwa mwepesi wa kuamua mambo makubwa, kama kunioa mimi, lakini jambo dogo lingemsumbua wiki nzima. Nilimjua vizuri zaidi siku alizohangaika kutafuta kitu cha kuinulia baiskeli yake.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, tukikaa Mchinga, na mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa ndani mwetu. Kifua kilimbana hata chakula kikawa hakipiti. Kila tulipomwomba twende naye hospitali Lindi, alikataa. Alisema baiskeli ya mwanawe inayumba, itambwaga kichakani. Kuyumba ilikuwa inayumba kweli, maana gololi za gurudumu la nyuma zilikuwa zimelika. Mume wangu akaapa kuzibadilisha mwenyewe nyumbani, ili mama akose sababu. Tulikuwa tunaogopa kumpoteza, na mimi nilimpenda mama yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Sasa, huwezi kufungua gurudumu la baiskeli iliyoegemea mnazi. Lindi palikuwa na duka lenye stendi ya chuma ya kazi hiyo. Mume wangu alipokwenda kununua gololi aliizunguka stendi ile, akaipapasa, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka kuiposa. Bei yake iliwafaa wenye motokaa, na wenye motokaa hawakuwa na haja nayo.

Akarudi kujaribu vya nyumbani. Kuipindua baiskeli chini hakutaka, kwa kuwa tandiko lingechubuka na kengele ingeingia mchanga, na kengele ile aliienzi kama mtoto wa kwanza. Akaining'iniza kwa kamba ya usumba kwenye boriti ya baraza. Kila alipokaza spana baiskeli ilimgeukia na makuti yakammwagikia kichwani. Kisha macho yake yakaangukia kinu changu. Nikamwambia akikigusa atatafuna mtama na maganda yake.

Ndipo akakumbuka kitanda cha kamba kilichokuwa stoo. Kamba ni laini, hazichubui kitu, na gharama yake ni kukibeba tu mpaka nje. Alijisifu usiku kucha. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini nyumbani kwangu wahenga hawakupewa nafasi.

Asubuhi akakiweka uani. Akalegeza kamba za katikati na kuzitenga pande mbili, ili baiskeli ikipinduliwa mishikio ilale juu ya kamba, tandiko na kengele vining'inie salama. Mimi nikaona ataosha cheni kwa mafuta ya taa na kuuchafua uwanja nilioufagia. Nikamwamuru achimbe shimo chini ya kitanda. Akalichimba, refu kama kitanda chenyewe, maana akianza kazi hajui kiasi. Nikaleta ndoo ya maji na vitambaa vya kanzu yake nyeupe iliyochakaa, tukaingia ndani wote wawili kuitoa baiskeli.

Msomaji wa pwani ameshajua. Sisi hatukujua.

Jirani yangu alikuja kuomba moto, akachungulia juu ya ua. Aliona kitanda cha kamba kilichotengwa katikati, shimo la kupokea maji, ndoo, na nguo nyeupe. Hivyo ndivyo tunavyoandaa mahali pa kumwoshea maiti, na alijua nyumba ile ina mgonjwa. Hakuuliza. Akapiga yowe.

Baiskeli haijavuka mlango, uwanja umejaa. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wamekuja na majembe, na mmoja wao akamkumbatia mume wangu.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Pole ndugu yangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ni gololi tu," akasema mume wangu.

Yule bwana akazidi kumkumbatia, akiamini uchungu umemvuruga akili.

Jirani yangu alikuwa amekaa chini akilia kwa sauti na kutaja wema wa marehemu. Alisimulia alivyouguzwa naye wakati wa uzazi, na samaki aliokuwa akiletewa bila kuomba. Nyuma yetu mlango ukalia. Mama mkwe alisimama pale, amejishikilia kwenye mwimo.

"Nani amefariki?"

"Ni wewe, mama," nikamjibu. Sikuona jibu jingine.

Mtu mmoja aliruka ua. Mama mkwe akajikokota hadi kwenye kigoda, akaketi, akamtazama jirani.

"Endelea, mwanangu. Ulikuwa umefika kwenye samaki."

Watu walicheka mpaka wakalia upya. Mimi nilipomgeukia mama mkwe nikaona naye machozi yanamtiririka, na hayakuwa ya kicheko.

"Baiskeli ilikuwa kisingizio," akamwambia mwanawe. "Niliogopa kufia Lindi kwa watu wasionijua, nizikwe pasipo na mtu wa kunililia. Sasa nimeliliwa, na nimesikia kwa masikio yangu. Tengeneza hilo gurudumu, baba, unipeleke."

Mume wangu akaipindua baiskeli juu ya kitanda, akafungua gurudumu. Gololi mpya zikamponyoka zote. Wanaume wakaweka majembe ya kaburi pembeni, wakapiga magoti mchangani kumtafutia.