Chooko Chini ya Jahala

Siku yangu ya kwanza katika jiko la kambi ya wajenzi, Ruwi, nchi ya Waarabu, mwaka 1967, nilikabidhiwa gunia la vitunguu na kisu butu, nikaambiwa nisitoke mpaka gunia liishe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Cheti changu cha sekondari nilichotoka nacho Unguja nilikuwa nimekihifadhi sandukuni, na nilidhani nitakaa jikoni wiki mbili tu huku nikitafuta kazi ya ofisini. Nimekaa majikoni miaka ishirini na saba, Ruwi, Sib, jangwani na melini, na kila nilipohama nilihama na kitu kimoja nilichojifunza mwaka ule wa kwanza. Nacho ndicho ninachotaka kukuelezeni nyinyi mnaoanza kazi hii leo.

Kambi ile ilikuwa na Msimamizi, mgeni aliyesema Kiarabu cha kukatakata. Chini yake jikoni alikuwa Mpishi Mkuu, Mpemba aliyewahi kupika melini, halafu sisi wasaidizi. Tukipika wali, papa mkavu na chai. Mboga na ndimu mbichi zilikuja kwa lori kutoka Sib mara moja kwa wiki, zikaishia meza ya wakubwa. Mafundi walitiliwa ndimu kavu, ile nyeusi, ambayo huupa mchuzi ladha lakini faida yake nyingi imekwisha juani.

Miongoni mwa mafundi wa mawe alikuwamo Ami Seif, jirani yetu tangu Unguja. Alikuwa na mke na watoto wanne katika chumba kimoja, na chochote kitamu alichopewa kambini, hata tende, alikifunga kwenye leso akawapelekea. Yeye alibaki na wali na chai. Siku moja nilimwona akitema damu. Fizi zake zilikuwa zimevimba, meno yakicheza, kidonda cha mguuni hakikauki, na nyundo aliinyanyua kwa mikono miwili.

Msimamizi naye alimwona. Alisema mbele ya watu kwamba asiyeweza kazi ataondoka na lori la mwisho wa mwezi. Zilibaki siku ishirini.

Nilimpeleka kwa Tabibu wa kambi, mtu mpole mwenye chumba kimoja na kabati moja. Akambonyeza fizi, akasema mwili huu umekosa vitamini C, ile inayopatikana katika vitu vibichi, na kwamba vidonge vimeagizwa lakini meli haijulikani itafika lini. Nikamuuliza kama chooko, yaani choroko, zinafaa, maana stoo tulikuwa nazo magunia kwa magunia.

"Kavu hazina," alisema. "Zikiota, zinajitengenezea zenyewe."

Nilitoka pale mbio. Mama yangu alikuwa akiotesha chooko nyumbani, alijifunza kwa jirani yetu wa Kihindi: unaziroweka kutwa, unazimwaga maji, unazifunga kitambaani, unazisuuza mara kwa mara, na siku ya tatu zina mikia. Kazi ya kitoto, nilidhani. Nikaroweka kibaba kizima kwa maji ya kisima cha kambi, nikafunika kwa gunia bichi.

Siku ya pili jiko zima lilinuka. Mpishi Mkuu alifunua gunia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Umeotesha chooko au soksi?"

Wasaidizi wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilirudia, zikaoza tena. Siku sita zikapotea hivyo. Kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa Unguja, aliyezoea kuchota maji popote na yakawa matamu. Kisima kile kilikuwa cha maji ya chumvi. Sisi wenyewe hatukuyanywa, tuliyaoshea vyombo tu, lakini mimi sikufikiri kwamba hata punje ya chooko inataka maji matamu. Tena kwa joto lile nilitakiwa kuzisuuza kila saa chache, na maji matamu yaliletwa kwa punda, kwa kipimo.

Jawabu nililiona nikiwa nakunywa maji. Penye kivuli cha jiko ilining'inia jahala, mtungi wa udongo unaotoa jasho ili maji yapoe, na chini yake palikuwa na bakuli la kukingia matone. Maji matamu, baridi, yanadondoka mchana kutwa bila mtu kuyachota. Nikaondoa bakuli, nikaweka chujio, ndani yake chooko kitambaani. Siku ya tatu nilipofunua, mikia myeupe ilikuwa imejaa, haina harufu ila ya ubichi. Nilipiga kelele jikoni kama aliyepata mtoto wa kiume.

Mpishi Mkuu akafurahi nami, kupita kiasi. Nilipogeuka tu alizitia nusu yake katika sufuria ya papa, akazichemsha saa nzima. Ilinibidi nimwambie, mimi mmenya vitunguu, kwamba moto mrefu unaiua ile vitamini. Alinitazama. Kisha akanipa upawa.

"Haya, nionyeshe."

Nikamwonyesha: zioshe vizuri, zipitishe maji yanayochemka kidogo tu, zitoe, tia kitunguu na chumvi. Hivi zinalainika tumboni, wala hazijazi gesi kama zile kavu zilizopikwa.

Ami Seif aliiangalia sahani ile.

"Mwanangu, mimi si mbuzi."

"Ami, lori linakuja."

Alikula. Akala kila siku, mbele yangu, nikimkatalia kuzifunga kwenye leso. Za watoto wake niliziotesha mbali na zake. Baada ya wiki damu ikakata. Kidonda kikaanza kufunga. Lori lilipofika Msimamizi alikuja mwenyewe machimboni, nami nilikuwa nimepeleka chai. Ami Seif alinyanyua nyundo kwa mkono mmoja, akapasua jiwe. Msimamizi akaliangalia jiwe, akaniuliza yule mzee anakula nini. Kuanzia wiki ile mafundi wote wakapewa chooko zilizoota, na majahala yakawa manne.

Sasa nimestaafu mapema, kwa kuwa miguu yangu haipendi tena kusimama kutwa pahala pamoja. Nyumbani Ansab tuna friji na mfereji, lakini jahala nimeitundika barazani, na wanangu wanalalamika kwamba vigae vinaloa. Naweka chujio chini yake, na bakuli chini ya chujio, vigae vikauke.

Ami Seif huja Ijumaa baada ya sala. Amepita sabini. Huwa namwekea sahani ya chooko zilizoota, anaisukuma pembeni, anatia mkono kwenye mfuko aliokuja nao wa mahindi makavu ya kukaanga na kuanza kutafuna, taratibu, huku akinitazama ili nisikie kila punje inavyovunjika katika meno yake mwenyewe. Akimaliza ndipo huvuta sahani.