Soksi za Mussab

Mwaka ulikuwa 2018. La, nimekosea, ulikuwa 2019, maana barakoa zilikuja mwaka uliofuata. Ndipo wazee wa kanisa moja pale Frere Town waliposema ukumbi wao hautoshi madarasa mawili ya taekwondo. Kila darasa litoe mpiganaji mmoja, darasa la mshindi libaki.

Darasa moja lilikuwa la Kadenge, mbeba magunia wa soko la Kongowea, ambaye mkanda wake mweusi ulikuwa umepauka hata ukakaribia kurudi mweupe. Kwake, mwanafunzi alirudia ngumi moja miezi mitatu, akapiga teke gunia la mchanga mpaka nyayo zikawa kama gome. Darasa jengine lilikuwa la Mussab, kijana mwenye vizibao vya mtambo vinavyohesabu pointi vyenyewe mguu ukigusa. Wanafunzi wake walirukaruka mguu mmoja juu, wakigusagusa tu.

"Kuku wanaparura jaani," Kadenge alisema, akatema mate nje ya dirisha. "Hayo mateke ni ya kufukuzia nzi."

"Shikamoo, mwalimu," Mussab akamjibu kwa adabu. "Mwanafunzi wako avae soksi hizi. Zina sumaku. Bila hizo, wallahi, mtambo hauoni teke."

Kadenge akazishika kwa vidole viwili, kama mkia wa panya aliyekufa, akazitupa benchini. "Mtambo usipoona, mbavu zitaona."

Nyamvula, muuza nyanya aliyefunzwa na Kadenge miaka sita, akaingia kavaa kizibao, miguu pekupeku. Purity, mwanafunzi wa Mussab, akamjia kwa kurukaruka. Nyamvula akangoja, akazungusha kiuno, akaachilia teke moja la ubavuni. Puu! Purity chini, anahema. Ubao wa taa ukasema sufuri.

Purity akainuka mwamuzi alipohesabu nane, uso umemkunjamana. Akagusa kizibao cha Nyamvula mara tatu, pa, pa, pa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Kila mguso pointi mbili; ubao ukasema sita. Muda ukaisha.

"Sita kwa sufuri," mzee wa kanisa akasoma ubao. Purity, mshindi, alikuwa amekaa chini ameshika mbavu.

Kadenge akageuka kumtafuta mwanafunzi wake. Nyamvula alikuwa benchini, akizipima zile soksi mguuni.

Kadenge akamwuliza mbele ya wote:

"Mwanangu, kesho alfajiri mtu akikuvamia njia ya sokoni, utamwambia angoje uvae soksi?"