Nusu ya Vidonge

Nilimpa kaka yangu kipande cha ini langu, na watu wa Bariadi wakanisifu mpaka nikavimba kichwa. Nadhani kosa langu lilianzia hapo.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombania pamba yetu. Kaka alikuwa akiwanunulia vijijini, na kwa kazi hiyo aliweza kwenda India kutibiwa. Huko daktari alitueleza kwa subira kwamba mwili wake ungeliona ini langu kuwa ni mgeni, kwa hiyo angemeza dawa za kuutuliza maisha yake yote. Akaongeza kwamba, kwa urithi aliozaliwa nao, mwili wa kaka huimaliza dawa upesi, hivyo angehitaji nyingi kuliko mgonjwa wa kitanda cha pili. Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, mgeni gani, na sisi tumenyonya ziwa moja?

Tuliporudi, dawa zilimtetemesha mikono. Mtu aliyezoea kushika mizani akawa anajimwagia chai kifuani, na wakulima wa kijiji cha Sola waliokuja kumjulia hali wakatazama pembeni. Mimi ndiye niliyemwekea vidonge mkononi, asubuhi na jioni. Nilimwonea huruma, na ubishi ninao tangu utoto. Nikaanza kumpa nusu, bila kumwambia.

"Mikono imetulia," aliniambia wiki iliyofuata. "Ini lako limenizoea, mdogo wangu."

"Lingekukataaje?" nikamjibu. "Damu nzito kuliko maji."

Mwezi haukuisha, macho yake yakawa ya manjano. Tulimkimbiza hospitali, Mwanza. Daktari akaniuliza, "Dawa anameza zote?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Zote."

Wakatafuta malaria, wakatafuta homa nyingine, siku zikapita. Siku ya tano nilimfuata daktari peke yangu nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliongeza dawa siku ileile, lakini ini lilikuwa limeshaharibika, na kaka tukamzika. Ninajuta kwa vidonge vile, na ninajuta zaidi kwa lile neno moja.

Mama hajui mpaka leo. Mgeni akifika nyumbani, huniita mwanawe kwa Kisukuma, "Ng'wanone, njoo usalimie." Kisha humweleza kwamba huyu ndiye aliyempa kaka yake ini. Mgeni hunishika mkono kwa mikono yake miwili, nami namwacha ashike.