Kokwa Shavuni mwa Bibi

Wiki iliyopita nilirudi Rumonge kwa arusi ya mtu wa ukoo wetu, na ukitaka ukweli, rafiki yangu, niliondoka huko nimekasirika. Chakula hakikuwa na kosa. Kulikuwa na samaki wa mukeke wa kuchoma, ugali wa muhogo, na maharagwe yaliyoogelea katika mawese. Kilichonikera ni pombe. Mtungi ulitolewa ndani, ukawekwa katikati ya watu, mirija ikachomekwa, na kila aliyekuwa karibu akaanza kuvuta. Hakuna aliyeonja kwanza. Hakuna hata aliyeuliza. Na waliovuta kwa nguvu kuliko wote ni wale wale niliowaona asubuhi kanisani, vichwa vimeinama, mikono imekunjwa vizuri.

Nilikaa kwenye mkeka nikamkumbuka Bibi. Tangu siku hiyo siwezi kufikiri jambo lingine, basi nimeona afadhali niandike, ingawa mimi si mwepesi wa kuandika.

Wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, kabla pwani yetu ya ziwa haijahamwa, pombe isiyoonjwa haikuwa pombe. Yule aliyeipika ndiye aliyevuta funda la kwanza, mbele ya macho ya wageni, ili waone kwamba hakutia kitu kibaya. Hata kama wageni ni ndugu zako wa tumbo moja, ulionja. Kumpa mtu pombe bila kuonja ilikuwa sawa na kumwambia: kunywa, ufe, mimi nitazame.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya michikichi, karibu sana na maji. Usiku mawimbi yalisikika kama mtu anayefagia uani. Asubuhi tulianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye mchanga, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kunguru kwa fimbo. Mchana Bibi alichemsha chikichi kwenye chungu kikubwa, akazitwanga, akazikamua, akaengua mafuta yaliyopanda juu. Mikono yake ilikuwa na rangi ya mawese siku zote. Hata alipoiosha, kucha zilibaki nyekundu. Harufu ile ilikaa katika nguo zetu, katika nywele, katika kitanda. Leo nikiisikia sokoni husimama bila kujua kwa nini nimesimama.

Bibi alikuwa na sifa mbili pwani nzima. Ya kwanza ni pombe yake ya ndizi. Watu walishuka kutoka milimani kwa ajili yake. Ya pili ni ulimi. Bibi hakumwogopa mtu. Akida alipokuja kudai watu wa kazi, yeye ndiye alisimama mlangoni, na akida alirudi na maneno mengi kuliko watu.

Lakini Bibi alitaka kubatizwa, na alilitaka hilo kuliko kitu chochote. Baba yangu, mwanawe wa kiume wa pekee, alikufa kwa malale, ule ugonjwa wa usingizi ulioletwa na mbung'o wa vichaka vya ziwani. Alibatizwa siku alipokuwa anakufa. Mwalimu wa dini alimwambia Bibi kwamba mwanawe amekwenda mahali pazuri. Bibi aliuliza swali moja tu: na mimi nitapaingia kwa njia gani? Akajibiwa kwamba yeye si mgonjwa, basi atapita njia ya watu wazima: miaka ya mafundisho, medali ya wanaofundishwa shingoni, na mwenendo mwema.

Medali aliipata. Mwenendo mwema ulimsumbua. Pasaka ya kwanza ambayo angebatizwa ilimpita kwa sababu ya ulimi. Kule ziwani, mbele ya wanawake wote waliokuja kuchota maji, alimwambia mke wa mwalimu kwamba ugali wake unafaa kuzibia mtumbwi. Wanawake walicheka mpaka wengine wakamwaga maji. Mwalimu hakucheka. Bibi aliahirishwa.

Hapo ndipo alipotafuta dawa yake mwenyewe. Aliokota kokwa ya chikichi, ile ngumu inayobaki baada ya nyama kutoka, akaisugua kwenye jiwe mpaka ikawa laini, akaiweka shavuni. Tangu siku hiyo, kila aliposikia neno kali linapanda, au alipoona mtungi, aliisogeza kokwa kwa ulimi kutoka shavu hili mpaka lile. Alisema, "Ulimi ukikosa kazi, unajitafutia." Jirani yetu, mama wa Kimanyema, mwislamu aliyeuza samaki, alimchokoza kila alipopita.

"Mama, jino limevimba tena leo?"

"Limevimba kwa sababu yako," Bibi alimjibu, na kokwa ilisikika ikigonga meno.

Jirani alisema wao mufungo wao unafunguliwa jioni, lakini huu wa Bibi hauna magharibi. Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliona aibu watoto wenzangu walipotunisha mashavu wakiniita mjukuu wa mama kokwa.

Kwaresima iliyofuata, mwalimu aliwaambia wote wanaongoja ubatizo wasiguse pombe mpaka Pasaka. Kupika kwa ajili ya wageni hakukukatazwa. Kunywa ndiko kulikokatazwa, hata funda moja. Bibi alikubali. Na katika Kwaresima hiyo hiyo wakwe wakaleta habari kwamba watakuja kumaliza maneno ya posa ya shangazi yangu, binti wa Bibi. Bibi aliwaomba wangoje kidogo. Hawakuweza, kwa sababu vijana wao walikuwa wameitwa na askari kwenda kufyeka vichaka vya mbung'o, na hakuna aliyejua watarudi lini. Basi Bibi alifukia ndizi shimoni, akazikamua, akapika pombe. Alipika na kokwa shavuni, na hakulamba hata kidole.

Wakwe walifika kutoka Kizuka jua likiwa kali. Mkubwa wao alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, baba wa bwana arusi, mtu wa dini ya zamani. Tulisalimiana amahoro, yaani amani, kwa zamu, watu wakaketi, maneno ya mahari yakaenda vizuri mpaka mwisho. Mimi nilikuwa ndani na shangazi, nyuma ya ukuta wa matete. Kisha mtungi ukaletwa.

Bibi alisema, "Wazee wangu, karibuni. Mimi niko mufungoni. Pombe iko safi, nimeipika na mikono hii. Kunyweni."

Hakuna aliyeinua mkono.

"Mama," yule mzee alisema, "tumetembea tangu usiku. Hatukuja kunywa maneno. Onja, tunywe."

Bibi alimwita jirani aonje badala yake, lakini jirani alisimama mbali na kutikisa kichwa. Dini yake ilimkataza kabisa. Shangazi hakuweza, maana bibi arusi hanywi mbele ya wakwe. Mwanamume katika nyumba yetu hakuwapo tena. Bibi akaniita mimi. Nilitoka, na mzee akacheka.

"Mutoto atakunywa hata maji ya kuoshea samaki. Pombe inaonjwa na mukono ulioipika."

Ndugu wa yule mzee alianza kuokota fimbo yake ili waondoke. Nyuma ya matete shangazi alikuwa amejifunika uso kwa nguo, na hakulia kwa sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Bibi alitoa kokwa mdomoni. Aliifuta kwa kanga, akaiweka juu ya jiwe la kusagia, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akapiga magoti, akashika mrija, akavuta. Niliona koo lake likipanda na kushuka mara moja.

"Imeshuka," alisema. "Sasa kunyweni, na binti yangu mumutunze."

Wakanywa, wakasifu, wakaimba. Bibi alirudisha kokwa shavuni, akawahudumia mpaka walipoondoka.

Sasa sikiliza jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Hakuna mtu angejua. Wakwe walikuwa watu wa milimani wasiojali habari za kanisa, na jirani hakuwa mchongezi. Lakini jua halijazama, Bibi alifunga nguo yake vizuri akaniambia twende. Tulimkuta mwalimu katika shamba lake la muhogo.

"Mwalimu, nimekunywa."

Mwalimu aliweka jembe chini. Aliuliza kiasi gani. Bibi akamwambia funda moja. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonewa, "Mama, kwa nini unaniambia? Kama usingesema, mimi ningejua wapi?"

"Ningejua mimi."

Mwalimu alimpenda, niliona hivyo usoni mwake. Hata hivyo alifungua uzi shingoni mwa Bibi, akachukua medali. Alisema sheria si yake, na kwamba Bibi angoje Pasaka nyingine. Nilimtazama Bibi, nikingoja ule ulimi uliomshinda akida. Kokwa ilisogea kutoka shavu hili mpaka lile.

"Murakoze, mwalimu," alishukuru.

Njiani nililia kwa hasira. Nilimuuliza kwa nini hakueleza kwamba yule mzee alimlazimisha, kwamba shangazi angebaki nyumbani. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kuitoa kokwa.

"Mdomo ni wangu. Yeye hakuninywea."

Pasaka ile nyingine hatukuiona ziwani. Amri ilitoka kwamba watu wote wahame pwani kwa sababu ya malale. Tulibeba chungu cha mawese, mikeka, na kuku wawili, tukapanda Kizuka kukaa nyuma ya nyumba ya shangazi, katika boma la yule yule mzee wa fimbo. Jirani yetu wa Kimanyema alipelekwa upande mwingine, na sikumwona tena. Mwalimu wetu naye alihamishwa, na medali ya Bibi akaenda nayo.

Milimani kulikuwa na mwalimu mpya, kijana, msafi sana. Alimuuliza Bibi medali iko wapi. Bibi akamwambia kisa chote, hakuacha hata funda lile. Kijana akasema asiye na medali ni mgeni, na mgeni huanza mwanzo. Basi Bibi, aliyejua sala zote kwa moyo, aliketi chini pamoja na watoto wasio na meno ya mbele, akafundishwa ishara ya msalaba. Watoto walimtazama shavu wakacheka. Mimi nilitaka kuwapiga. Nilitaka hata kumpiga mwalimu, Mungu anisamehe. Yeye Bibi aliimba pamoja nao, "Kwa jina la Baba," asubuhi baada ya asubuhi, kokwa ikigonga, mpaka msimu wa mtama ukapita.

Yule mzee alimwona akienda na kurudi. Mwanzoni alimtania, akamuuliza kama siku hizi ananyonyesha wale watoto. Siku moja hakutania. Alichukua fimbo yake akatufuata mpaka mlangoni mwa kanisa la nyasi, akaingia bila kuvua kofia. Sitasahau alivyosimama katikati ya watoto.

"Huyu mama nilimulazimisha mimi," alimwambia mwalimu. "Pombe yake niliijua tangu ningali kijana, iko safi. Nilitaka tu kuona kama ule mudomo wake unaweza kuinama. Uliinama. Sasa kama munahesabu funda, hesabuni kwangu. Mimi sina dini, nina nafasi."

Mwalimu kijana hakujua aangalie wapi. Bibi alikuwa ameinama, mabega yakitikisika, na kwa muda nilidhani analia. Alikuwa anacheka na kujizuia asiimeze kokwa.

Habari zilimfikia padri, naye alipopita kabla ya Pasaka alimwita Bibi, akamhoji kidogo, akakubali. Maneno ambayo Bibi aliyasema mwenyewe mara mbili hayakutosha. Ilibidi yasemwe na mwanamume aliyeingia kanisani na kofia yake. Nalo hilo bado linanikera.

Siku ya ubatizo padri alitaka kumwekea chumvi kwenye ulimi, kama ilivyo desturi. Bibi aliitoa kokwa, akanipa niishike. Ilikuwa ya moto na nyepesi. Alimwagiwa maji, akapewa jina ambalo hakuweza kulitamka vizuri, watu wakaimba. Nilifikiri sasa yamekwisha, sasa atapumzika, nikafunga mkono kuificha kokwa. Alipotoka nje, maji bado yanamchuruzika shingoni, jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono.

"Nipe," alisema. "Kazi ndiyo inaanza."

Bibi alifariki mwaka ule Wabelgiji walipokuja. Pwani yetu nimeikuta kichaka. Michikichi bado ipo, lakini penye nyumba hapajulikani, na mchanga wa ndagala umeota majani. Watu wanaanza kurudi, wanajenga, wanapika pombe, na hawaonji. Wanafunga kwa Kwaresima, na Jumapili ya Pasaka jioni unawakuta njiani wameanguka, kana kwamba walikuwa wamebeba mzigo wa mtu mwingine na sasa wameutua.

Kule arusini mama mmoja alinisifu. Alisema mimi ni kijana mwenye kiasi, kwa kuwa nilikaa na mtungi mbele yangu sikunywa, na nilisukumwa na walevi sikujibu. Sikumwambia kitu. Lakini wewe nitakuambia. Mimi nilinyamaza kwa sababu ninaogopa watu, tangu utoto ninawaogopa. Bibi hakumwogopa mtu. Ndiyo maana yeye alihitaji kokwa.