Nyimbo za Mapasa Ziliingia Materniti

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Mademoiselle, nesi mzungu aliyeongoza materniti yetu hapa Kamina, alinipa ndoo, brosi na kanuni moja: «Numbi, humu ndani ni kimya.» Nilikuwa fille de salle, maana yake mwanamke wa kuosha chumba, kuchemsha makasi ya kukatia kitovu na kushika mama mikono wakati anasukuma. Uhuru ulikuwa umeshakuja, lakini kwa mlango wetu haukuwa umebisha. Bibi akipiga vigelegele, alitolewa nje. Mimi binti wa shemasi wa Metodisti niliona ni vizuri.

Mademoiselle akarudi kwao, akaja kuongoza Mama Directrice, mutoto wa Kamina mwenye diplome. Tukafurahi: wa kwetu! Kumbe kanuni ilikazwa zaidi. Huyu hata kuku wa veranda alimfukuza kwa Kifaransa.

Basi Banze, bibi ya askari wa Base, kambi ya jeshi, akazaa mapasa, watoto wawili wa tumbo moja: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabwe, majina ya mapasa wote kwetu. Kwetu Baluba mapasa hawapokelewi kwa sala peke yake. Wanawake wanawaimbia nyimbo za matusi, juu ya tumbo la baba na mapaja ya mama, maneno ambayo siku nyingine ungepigwa kofi. Wasipoimbiwa, wazee wanasema, wanakasirika na kurudi walikotoka. Na Kabwe alikuwa anakataa ziwa la mama yake.

Mama-mkwe wa Banze akafika kutoka kijijini Mulongo na wanawake wenzake, ngoma na majani mikononi.

«Mama, hapa ni hôpital, haiko mugini,» Mama Directrice alisema.

«Basi ubakie nabo weye! Minyi shiingize mu nyumba batoto benye habakuimbiwa.»

Banze akalia. «Mama Directrice, nitaenda nabo wapi?»

Mama Directrice alimtazama Kabwe. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole: «Minyi pia niko Kabwe. Ku masomo njo walinipa jina ingine. Na mama yangu walimukataza kuimba.»



«Muimbe. Lakini munawe mikono kwanza.»

«Eh! Weye njo Kabwe?» mama-mkwe akapiga kelele, sabuni ingali mikononi. «Leo na weye utaimbiwa, na ile matako yako ya diplome!»

Wakamwimbia kweli. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi maneno sikuyajua, nyumbani kwetu yalikuwa zambi. Nikapiga ndoo kwa brosi, nikajifunza hapohapo. Jioni Kabwe mdogo alinyonya. Ni nyimbo, au ni maziwa yalishuka kwa sababu mama yake naye alicheka? Sijui. Nilichoona ni mama-mkwe anawabeba wote wawili kwenda nyumbani.

Tangu siku ile, mapasa wakizaliwa tuliimba kwenye veranda, na Mama Directrice, kabla ya kwenda pensheni, alitaka tumwite Mama Kabwe. Mimi nami nilistaafu, nikaingia koro ya kanisa, naimba mstari wa mbele. Kwa miaka mingi nilidhani moyo wangu una vyumba viwili, cha Mungu na cha wababu, na ufunguo ni mmoja: nikifungua kimoja, kingine nimekifunga.

Mwezi uliopita bibi ya pasteur wetu alizaa mapasa. Pasteur akaja mwenyewe kwangu, anasugua viatu chini.

«Mama Numbi, zile nyimbo...»

«Zenye maneno ao bila maneno, Pasteur?»

«Zenye maneno, Mama.»

Nikaenda kuwaimbia, nikaanza na tumbo la Pasteur.