Mjengo Uliolala Kileleshwa

Ipo asubuhi moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ingawa nywele zangu zimegeuka rangi tangu hapo. Nilikuwa nimesimama Kileleshwa, mtaa wa Nairobi, nje ya ua wa mabati, nikitazama kreni isiyosogea. Kwenye mabati walikuwa wamechora fleti ndefu za vioo na watoto wakicheza bustanini. Ndani, ghorofa zilikuwa zimeishia katikati, na vyuma vilivyochomoza juu vilishashika kutu. Mama aliyekuwa akiwauzia watu wa mjengo chapati na githeri pale langoni hakuwepo. Mafiga yake yalikuwa yameota nyasi.

Nilikuwa msichana wakati huo, nimetoka Bungoma si kitambo, na nimebahatika kupata kazi katika ofisi ndogo katikati ya jiji. Kazi yetu ilikuwa kufuatilia ujenzi. Kila robo mwaka tulitoa ripoti ya kueleza ni wapi nyumba za kuishi zinajengwa kwa wingi, wapi maduka na ofisi zinaongezeka, na wapi pamepoa. Waliotusoma ni wenye ploti, wauza simiti, na mafundi waliotaka kujua waelekee wapi na vifaa vyao. Mkubwa wetu alikuwa Bi Wambui, mwanamke wa Kabete aliyeshuhudia mashamba ya kahawa ya wazazi wake yakigeuka mitaa. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini akishasema jambo, limesemwa.

Robo ile vibali vya ujenzi vilikuwa vingi kuliko vya robo iliyotangulia. Ningeweza kukaa kitini nikaandika kwamba nyumba zinapanda, na mambo yakaisha hapo. Bi Wambui alikataa. Aliniambia kibali ni nia tu, na nia haichanganyi zege. Akanituma niende kwa miguu yangu nikatazame.

Basi nikatembea. Kileleshwa nilikuta saiti nyingi zimelala kama ile. Loresho, nyumba za wenye uwezo ziliendelea, moja hapa moja kule, bila haraka. Lakini nilipofika Parklands nilikuta zahanati zinaongezwa vyumba na maduka yanavunjwa ndani ili yapangwe upya. Huku mjini kati, majengo makongwe ya ofisi yalikuwa yanatandikwa sakafu mpya. Ujenzi haukuwa umekufa, mwanangu. Ulikuwa umehama.

Sasa, kilichoniuma ni hiki. Saiti ile ya Kileleshwa ndiyo aliyokuwa akiingojea mjomba wangu, Wanyonyi, kaka yake mama. Alikuwa fundi wa mawe, na ndiye aliyenipokea Nairobi nikakaa kwake Kangemi. Mwenye mjengo alikuwa amemwahidi kwamba kazi itaanza tena karibuni. Mjomba naye alikuwa ameshatuma habari nyumbani kwamba vijana wa ukoo wajiandae kuja. Wengine walikuwa wameshakodisha mashamba yao kwa majirani.

Kabla ripoti haijatoka, yule mwenye mjengo alikuja ofisini. Alikuwa mmoja wa waliotusaidia kwa fedha kuiendesha ofisi, na alizungumza kwa adabu. Aliomba tusiandike kwamba Kileleshwa imeshuka. Vibali si vipo, alisema, basi tuandike vibali. Robo ijayo mambo yatakuwa yametengemaa na hakuna atakayeumia. Bi Wambui alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mzee, kuna watu wanaacha mashamba yao kwa sababu ya sentensi yetu moja," alimwambia. "Siwezi kuwaita waje na mwiko mahali hakuna ukuta."

Yule mzee alimaliza chai yake, akaondoka, na msaada wake ukaondoka naye. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake, na sisi tulikimbiwa kwelikweli. Tulihama ofisi ile yenye madirisha ya barabarani, tukaingia chumba cha nyuma juu ya duka la mafundi cherehani. Wenzangu wengine walitafuta kazi kwingine. Siku ya kuhama nilimuuliza Bi Wambui kama hajuti. Aliniambia nishike upande wa pili wa meza tuipandishe ngazi, kwa sababu robo nyingine ilikuwa imeshaanza.

Lakini nimeruka. Jioni ya siku ile ile aliyokuja yule mzee, nilikwenda kwa mjomba. Nilimkuta akiosha vifaa vyake, nikamweleza. Alikasirika. Alisema ofisi imenifundisha kudharau mjengo, kwamba vibali viko na mwenyewe ameahidi, mimi ni nani wa kubisha? Akaendelea kuusugua mwiko ambao tayari ulikuwa safi.

"Nafula, umeona ama umeambiwa?" aliniuliza hatimaye.

"Nimeona, Mjomba. Nilisimama pale langoni."

"Na robo ijayo?"

"Hiyo siijui. Nikikwambia naijua, nitakuwa nakudanganya."

Nadhani ni jibu hilo la mwisho lililomfanya aniamini.

Kesho yake alipiga simu nyumbani, akawaambia vijana wasije kwanza. Usidhani walimshukuru. Ukoo ulisema Wanyonyi ameonja mji na sasa anataka kuula peke yake. Mke wake alipokwenda matangani, kina mama walimpisha bila kumsalimu. Mjomba alimeza yote hayo. Kisha fundi huyo wa mawe, mwenye mvi, akaenda Parklands kwenye zahanati moja iliyokuwa ikiongezwa, akaomba afundishwe kutandika vigae na mafundi walio sawa na wanawe. Wiki ya kwanza alirudi magoti yamevimba, mkewe akamkanda kwa maji moto, na asubuhi akatoka tena. Haikuchukua muda akawa na kikosi chake. Ndipo alipowaita wale vijana, mmoja mmoja, kila mmoja akikuta kazi inamngoja. Vijana walioitwa Kileleshwa na mafundi wengine walikuwa wameshatawanyika, na wapo ambao hatukujua walikoishia.

Nasi tuliendelea kuandika. Robo iliyofuata Kileleshwa ilishuka tena, halafu ikatulia, halafu ikaanza kuinuka. Ilipoinuka tuliandika imeinuka, kwa maneno yale yale makavu tuliyoandikia kushuka kwake.

Leo nakuona na simu yako, mwanangu, kila saa unaletewa habari kwamba mtaa fulani unapanda, kimbia kabla hujaachwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Uliza kwanza kama anayesema ameona. Usione vyaelea, vimeundwa. Nenda utazame nani anaunda. Robo moja mbaya isikukatishe tamaa, na robo moja nzuri isikulevye, maana hakuna robo iliyo mwaka mzima. Kazi ikihama, hama nayo, hata kama itabidi uanze tena kufundishwa. Na ukiombwa uupake ukweli rangi kidogo, kataa, hata kama utahamia chumba cha nyuma. Nimeishi humo. Panaishika.

Mungu akupe msingi usiotikisika. Akuzungushie watu watakaokwambia jambo lilivyo. Na siku utakapoezeka nyumba yako, akujalie kuingia humo na wako wote, wazima na wenye furaha. Amina, mwanangu. Nenda kajenge.