Mche Namba Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nililishwa tope. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililoshonewa sokoni Mwanga, papo hapo mjini, kwa ajili ya siku hiyo, cheti cha kidato cha nne kimo mkobani, nikaripoti kwenye kituo cha utafiti wa ziwa pale Kigoma. Fundi Mkuu wa Maabara, mzee mfupi asiyepoteza maneno, alinitazama, akachota tope jeusi kwa ncha ya kisu, akaninyooshea.

"Tia menoni."

"Shikamoo, Mzee," nikasema, maana sikujua niseme nini.

"Marahaba. Tia menoni."

Nikatia. Likakwaruza. Akachota jingine, hilo likateleza tu. "La kwanza lina mchanga laini ambao jicho haliuoni," akasema. "La pili ni mfinyanzi mtupu. Jicho litakudanganya, jino halitakudanganya. Kesho uje na nguo za kazi."

Nilirudi nyumbani Ujiji nimenuna. Mama, aliyekuwa akichuuza dagaa ufukweni Kibirizi, alicheka mpaka akaketi chini. "Umesoma miaka yote hiyo, Mwajuma, ukale udongo kama mjamzito?"

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia maabara siku hizi na mashine zenu, mjue tulivyofanya sisi. Mto Malagarasi ukifura wakati wa masika humwaga tope ziwani, na tope hilo hutulia chini, la mwaka huu juu ya la mwaka jana, hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka. Ukipigilia bomba refu la plastiki kwenye sakafu ya ziwa, kisha ukalivuta kwa roda, linapanda na matabaka yote ndani yake kama yalivyolala. Sisi tuliuita mche, kwa kuwa ulifanana na mche wa sabuni, na hata kuupasua tuliupasua kwa waya, kama muuza duka.

Basi ndani ya mche husomwa habari za kale. Kuna chavua, yaani ule unga wa maua. Chavua ya nyasi ikiizidi ya miti, ujue mvua zilikuwa haba. Kuna viganda vya konokono wa ufukweni. Ukivikuta mahali ambapo leo nanga haigusi chini, ujue zamani pale palikuwa pwani, watu na wanyama wangeweza kutembea pakavu. Mara ya kwanza nilipoviona viganda hivyo kwenye kioo cha kukuzia nilipiga ukelele, Fundi Mkuu akadhani nimejikata. Ziwa letu hili, ambalo babu zetu walidhani halijawahi kupungua hata kikombe, lilikuwa limeshuka likaacha majabali yake juani. Nilishindwa kula mchana ule kwa furaha.

Kutoka maabara nilipelekwa Ilagala, kambi yetu kando ya Malagarasi, kupima mvua na kina cha mto, chini ya Msimamizi wa Kambi, bwana wa kelele aliyeamini kwamba mvua hunyesha kwa amri yake. Nilikaa huko misimu mitatu. Kisha Mkuu wa Kituo akaniita nirudi nifanye kazi botini. Nahodha wetu, mzee wa Ujiji, alisema mwanamke botini ataleta nuksi. Nilimjibu kwamba nuksi ilikuwa imekwisha kuingia, ndiyo inayoshika usukani. Tangu hapo tukapatana sana.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa Bukoba, mtaalamu wa miamba, mpole ila kwa jambo moja: visiwa. Mnyama asiye na mbawa hufikaje kwenye kisiwa cha mbali? Swali hilo lilimkosesha raha.

"Bi Mwajuma, wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe, unawajua?"

"Nawajua. Hawana nyama."

"Kwa samaki yule, mchanga ni bahari. Akiuvuka ataliwa. Kwa hiyo kila rundo la mawe kwake ni kisiwa. Sasa ziwa liliposhuka, mawe mengine yalikauka, mengine yakakaribiana. Lilipopanda, wakatengana tena, kila ukoo ukashika rangi yake. Nipe mche mmoja mzuri unaoonyesha lini lilishuka na lini lilipanda, nitakuonyesha njia waliyopita."

Mche huo tuliupata mwaka ule ambao ng'ambo, Kongo, vita ilikuwa imewaka. Tulikuwa tumeutafuta misimu miwili, na Mkuu alikwisha ambiwa kwamba msimu wa tatu akirudi mikono mitupu boti itafanyiwa kazi nyingine. Tuliuvuta asubuhi mbele ya mdomo wa Malagarasi, tukaukata vipande sita, tukavitia vifuniko, tukavisimamisha kwenye kichanja. Namba niliziandika kwa rangi. Kila kipande ilipasa pia kichorwe mshale wa kuonyesha juu, maana vifuniko vya pande zote mbili ni sawa. Ukipindua mche, ukame unageuka mafuriko, na hadithi nzima inakuwa uongo.

"Mishale?" aliuliza Mkuu.

"Nimefunga vitambaa," nikasema. Nilikuwa na desturi yangu ya kuchana khanga kuukuu nyekundu na kufunga kitambaa upande wa juu. Kinaonekana upesi, hakihitaji kukauka. Nilijivunia desturi hiyo kupita kiasi. Mkuu akasema nichore na mishale vilevile, nami nikajibu, "Haya," nikafunga kopo la rangi.

Tulipogeuza boti tulikuta rundo la mafunjo na matete likielea, kubwa kama uwanja wa nyumba, limeng'oka mtoni. Mkuu alimwamuru Nahodha asimamishe injini. Juu yake tulikuta vyura, siafu, kenge mmoja aliyetutazama kama sisi ndio wavamizi, na mtini mdogo umeota kabisa. "Hii ndiyo boti yao!" Mkuu aliruka mpaka tukayumba. "Ndivyo wanavyofika! Hakuna aliyekusudia safari!" Nami nilicheka kwa raha, nikimhesabia siafu.

Upande wa pili wa rundo hilo ndipo tulipoiona boti ya watu. Injini imekufa, maji yameingia nusu, na abiria wameishiwa hata nguvu ya kuita. Walikuwa wametoka ng'ambo tangu jana yake.

"Toeni hicho kichanja," Nahodha akasema. "Wakae wapi?"

Mkuu mwenyewe ndiye aliyekitupa majini. Vipande vya mche tukavilaza chini, watu wakaingia mpaka boti ikakaribia kunywa maji. Wengi walikuwa na majeraha. Sanduku la dawa lilikuwa na chupa ya iodini tu, bandeji hakuna. Nikainama, nikafungua kitambaa cha kwanza kwenye bomba, nikamfunga mzee mmoja kichwani. Kisha cha pili, kisha cha tatu. Wallahi sikukumbuka kabisa kwamba vilikuwa na kazi nyingine. Cha mwisho kilitoka kwenye namba nne, nikamfunga mama mmoja aliyekatwa na bati unyayoni. Aliniambia anaitwa Mama Sifa. Alikuwa amepakata lile bomba kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

Pale Kibirizi wapagazi waliwashusha watu, kisha wakayabeba mabomba yote kwa pamoja kama kuni.

Asubuhi Mkuu aliniita maabara. Vipande sita vimepangwa mezani.

"Mishale iko wapi?"

"Nilitegemea vitambaa."

"Na vitambaa?"

"Viko kwenye vidonda vya wageni, bwana."

Alikigeuza kipande kimoja, akakirudisha. "Kwa vitambaa sikulaumu. Ningefanya vilevile. Lakini mishale ilikuwa kazi ya asubuhi, kabla hatujawaona." Akavua miwani. "Tope lisilo na kichwa ni la kukandikia ukuta, Bi Mwajuma."

Angenitukana ningeona nafuu. Nilijua nimemvunjia kazi ya miaka, na kwa kiburi tu. Nilirudi nyumbani nikavivamia vyombo, kwa sababu nikiwa na hasira hupenda kuosha kitu. Mama alikuwa na dagaa waliokaushwa mchangani. Nikawamimina kwenye karai la maji, nikawasugua, nikawaopoa, nikaketi kulitazama lile karai. Maji yakatulia. Nilipoyamwaga polepole niliona chini mchanga wa chenga, juu yake mchanga laini, na juu kabisa utelezi. Nilikuwa nimeosha dagaa tangu utotoni.

"Mama," nikasema, "mchanga daima hutangulia?"

"Kizito hutangulia, chepesi hufuata. Wewe shuleni ulifundishwa nini?"

Nilitoka mbio na khanga ya jikoni, mikono inanuka dagaa, mpaka kituoni. Kila mafuriko ya Malagarasi ni karai! Yakitulia, chenga huwa chini na utelezi juu. Kwa hiyo kila tabaka lina kichwa chake lenyewe, halihitaji mshale wa mtu.

Mkuu alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema, "Tutakujaribu." Akafungua kila bomba ubavuni kwa msumeno bila kugusa ncha, akalipasua tope kwa waya, akafunika ncha kwa magazeti, akaniambia nianze na namba nne. Nilichota chembe kwa ncha ya kisu, kila baada ya upana wa kidole, nikatia menoni kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Laini. Laini. Chenga kidogo. Chenga tele. Ghafla laini tena. Nikarudia mara ya pili.

"Juu ni huku," nikasema, nikaonyesha upande wa dirishani, nilikoanzia.

Mkuu akaondoa gazeti la upande ule. Kwenye shingo ya bomba, chini ya tope lililokauka, palikuwa na uzi mweusi umezungushwa mara tatu na kufungwa fundo. Uzi wa kusukia nywele.

"Niliuona nilipokuwa nikilifungua," akasema. "Nilishuku ni alama ya juu, lakini sikuwa na hakika mpaka sasa. Endelea na hivyo vingine." Alikuwa anacheka na kulia, na mimi vilevile. Vipande vile vilionyesha ziwa likishuka, likikaa chini muda mrefu, kisha likipanda, kila kitu mahali pake.

Kesho yake nilimkuta Mama Sifa kwenye uwanja walipokuwa wakiandikishwa kabla ya kupelekwa kambini. Upande mmoja wa nywele zake ulikuwa umefumuka. Nikamuuliza kwa nini alifunga uzi.

"Niliona yote iko na kitambaa ku mwisho moja," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo kutosha ni kutoa. "Ile yangu ulitosha ukanifunga nayo muguu. Nikasema huyu dada atasahau, halafu atateseka."

Yeye aliyekuwa ameacha nyumba, na hajui alale wapi, ndiye aliyekumbuka kazi yangu nilipoisahau mimi. Nikaketi nyuma yake, nikamsuka upande ule mpaka jina lake likaitwa.

Nimestaafu nikiwa Fundi Mkuu, kwenye kiti cha yule mzee aliyenilisha tope. Nilifundisha wengi, na wote walikula tope siku ya kwanza, wenye digrii kwa wasio nayo. Kituoni bado hunialika mche mpya ukiletwa. Naukagua kwanza, nione kama mshale umechorwa. Kisha natazama chini ya mshale, ambapo vijana huzungusha uzi mweusi mara tatu na kupiga fundo, kama nilivyowazoesha. Juzi mmoja aliniuliza, "Bibi, uzi huu ni wa nini, wakati mshale upo?" Nikamwambia aketi, ni habari ndefu, nami nitaiandika.